Ada, Daftari na Bashraf: Vyama vya Waimbaji wa Ridhaa kutoka Unguja hadi Rumonge



Nitazungumza juu ya watu wanaofanya kazi mchana na kuimba usiku. Hawana mshahara wa kuimba. Wao ndio wanaotoa: wanatoa ada, wanatoa nauli, wanatoa jioni zao, na mara nyingine fedha ya nyuzi za fidla hutoka mifukoni mwao. Dai langu ni hili. Sanaa ya kuimba jukwaani katika nchi za Waswahili tunaihesabu kwa majina ya nyota wachache, lakini waliobeba mzigo wake ni vyama vya ridhaa, vyenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari la wanachama. Palipokuwa na daftari, nyimbo zipo hadi leo. Palipokosekana, au lilipoungua, tunabaki kuulizana.

Ulaya vyama vya namna hiyo vilikua pamoja na opereta, mchezo mwepesi wa jukwaani ambamo waigizaji husema kidogo, wakaimba, wakasema tena. Paris ilikuwa na Jacques Offenbach, aliyewachekesha watu mwaka 1858 kwa hadithi ya Orpheus anayeshuka kuzimu. London ilikuwa na Gilbert na Sullivan, walioanza kufanya kazi pamoja mwaka 1871 na kumaliza mwaka 1896.   Opereta za London zingebaki London kama zisingechukuliwa na makarani, walimu wa shule na wenye maduka wa miji midogo, waliounda vyama vyao, wakashona mavazi yao, wakakodi ukumbi wa mji na kuwaimbia jirani zao. Vyama hivyo viliongezeka hata mwaka 1899 Uingereza ikaunda shirikisho la kuviunganisha. Shirikisho hilo bado lipo.

Sasa turudi kwetu. Chama cha jinsi hiyo katika nchi zetu ni kipi?

Mimi nasema ni klabu ya taarabu. Najua wapo watakaopinga kwamba taarabu ni muziki wa kukaa na kusikiliza, haina mchezo wa kuigiza. Nawaomba waangalie usiku wa taarabu unavyopangwa. Hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha vyombo vitupu kisicho na mwimbaji, kinachowatuliza watu na kuwaweka tayari, na opereta nayo hufunguliwa hivyo hivyo. Kisha mwimbaji wa kwanza anasimama na shairi ambalo karibu kila mara lina mtu ndani yake: mpenzi aliyeachwa, jirani mwenye kijicho, mke mwenza, mzazi mwenye uchungu. Mwimbaji humvaa mtu huyo. Msikilizaji naye ana sehemu yake. Mama anainuka kitini, anakwenda mbele kwa mwendo wa madaha, anamtunza mwimbaji pale pale penye ubeti unaomhusu, na ukumbi mzima unajua ametuma ujumbe kwa nani. Na katika klabu za wanawake za Unguja palikuwa na natiki, vichekesho vifupi vya kuigiza vilivyoingizwa katikati ya nyimbo, wanawake wakijivika mavazi ya kiume na kuwaiga waume zao, wafanyabiashara na wakubwa wa serikali. Mchezo wa maneno na nyimbo kwa zamu, unaofanywa na watu wa mtaa kwa watu wa mtaa. Jina la Kizungu halihitajiki.

Klabu kongwe ninayoifahamu ni Ikhwani Safaa ya Unguja, na historia yake nitaieleza kwa urefu kidogo kwa sababu ina mafunzo yetu sote. Mizizi yake iko katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Barghash alipenda muziki wa Misri, na inasimuliwa kwamba alimpeleka kijana mmoja, Mohamed bin Ibrahim, akajifunze kupiga kanuni mjini Cairo. Aliporudi aliwafundisha wengine. Muziki ule ungeweza kufia jumbani, kwa kuwa sanaa ya jumbani humtegemea mfalme mmoja: akipenda inastawi, akichoka inanyauka. Haikuwa hivyo, kwa sababu mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama chao wenyewe. Jina walilichukua kwa wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, Ndugu Wanyofu, ambao nao walikuwa jamaa ya marafiki waliokutana kusoma na kujadiliana. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hiki kilikuwa chama cha urafiki kabla hakijawa bendi. Wanachama walichanga, wakaagiza vyombo kutoka Misri: udi, kanuni, fidla, nai, dumbaki. Wakajifunza.

Hebu tufikirie maana ya kuagiza kanuni kwa michango mwaka 1905. Kanuni ni chombo chenye nyuzi zaidi ya sabini. Kinataka mtu wa kukirekebisha kila siku ya kazi, na hewa ya chumvi ya pwani haikionei huruma. Mtu mmoja mmoja hawezi kukimiliki, kukilinda na kuwafundisha wengine kukipiga. Chama kinaweza. Mpigaji akifa, chombo hakiendi kwa warithi wake kuuzwa. Kinabaki ukumbini, na kijana aliyekuwa akimtazama mzee vidole anakaa pale pale alipokuwa akikaa yule mzee. Ikhwani Safaa ilitimiza miaka 100 mwaka 2005, na kwa maisha yake yote wapigaji wake wengi wamekuwa watu wenye kazi nyingine mchana.

Nisiwasifu kupita kiasi. Kwa miongo mingi klabu ile iliimba Kiarabu, katika mji ambao wengi wa wakazi wake walisema Kiswahili. Aliyeutikisa ukuta huo hakuwa mwanachama wao. Alikuwa mwanamke wa kijiji cha Fumba, mzaliwa wa ukoo wa watumwa, aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu: Siti binti Saad. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri za His Master's Voice, kwa Kiswahili, na santuri hizo zikauzwa pwani na bara. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kila mwanafunzi anayesoma Kiswahili hapa Burundi anastahili kuusoma. Siti alifariki mwaka 1950. Baada yake hakuna klabu iliyoweza kudai kwamba Kiswahili hakitoshi kwa taarabu.

Baada yake pia klabu za watu wa kawaida ziliongezeka. Mwaka 1958, katika joto la siasa za kudai uhuru, vijana wa Unguja waliunda Shime Kuokoana, ambayo leo dunia inaijua kwa jina la Culture Musical Club. Mapinduzi ya Januari 1964 yakaja. Klabu ziliwekwa chini ya jicho la chama tawala na serikali. Ikhwani Safaa ikapoteza hata jina lake kwa muda, ikaitwa kwa jina la mtaa wake, Malindi, na Culture ikawekwa chini ya wizara. Zote mbili zimevuka salama. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba serikali iliweza kubadilisha jina mlangoni, lakini watu waliokuwa wakikutana jioni kufanya mazoezi walikuwa wale wale.

Linganisheni na yaliyotokea Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990. Palikuwa na vikundi vikubwa vya sanaa, Muungano cha Norbert Chenga na Tanzania One Theatre cha Kapteni John Komba, kilichoanzishwa mwaka 1992 chini ya CCM. Katika usiku mmoja mtazamaji alipata ngoma, sarakasi, kwaya, mchezo wa kuigiza na taarabu ya Khadija Kopa. Kwa ukamilifu wa jukwaa, hakuna kitu katika Kiswahili kilichoikaribia opereta kuliko maonyesho yale, na mashindano ya mipasho kati ya vikundi hivyo viwili yalijaza kumbi. Lakini wasanii wake walikuwa waajiriwa, na kikundi cha waajiriwa hupimwa kwa kiingilio na kwa mfadhili. Watu walipopata video na televisheni nyumbani, kumbi zilipungua watu. Klabu ya ridhaa haina hofu hiyo kwa kiwango kile, maana haikuundwa ili kula kutokana na kiingilio.

Na kuna hatari nyingine, ambayo siwezi kuipita kimya. Kampala, Byron Kawadwa alikuwa mwandishi na kiongozi wa michezo ya nyimbo kwa Kiganda. *Oluyimba lwa Wankoko*, wimbo wa jogoo, ndio uliompa jina. Mwaka 1977 alikwenda na kundi lake Lagos kwenye tamasha kubwa la sanaa la Waafrika, FESTAC. Aliporudi, watu wa Idi Amin walimkamata wakamuua. Anayeimba hadithi mbele ya watu huwa amesema jambo, na wapo watawala wasiovumilia.

Sasa njia ya kuja huku. Klabu za pwani zilitufikiaje, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka baharini?

Kabla ya taarabu ilitangulia beni. Ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, watu walipoiga bendi za tarumbeta za wanajeshi na za misheni. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Vyama vya beni vilikuwa na vyeo, sare, gwaride, mfalme na maofisa wa kuigiza, na mashindano makali kati ya pande mbili, Marini na Arinoti. Vita ya kwanza ya dunia iliwatawanya askari na wapagazi, nao wakaisambaza beni ndani ya bara, Tanganyika na hata Kongo. Watawala Wabelgiji waliishuku, wakidhani kila gwaride lina njama nyuma yake. Walichokiona ni watu wa chini wakijipangia chama chenye katibu na hazina bila kuomba ruhusa ya bwana yeyote, na hilo kwa mkoloni lilitosha kuitwa njama.

Kisha reli. Mwaka 1914 treni kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Meli ya Wajerumani iliyozinduliwa Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari ziwani kwa jina la Liemba. Santuri iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928 ingeweza sasa kupanda treni pwani na kuingia chomboni Kigoma pamoja na chumvi, kanga na mafuta ya taa. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutangulia mbele ya mizigo hiyo tangu siku za misafara ya Ujiji. Kilikaa Buyenzi mjini Bujumbura, kikakaa Nyanza-Lac, kikakaa hapa Rumonge katika soko la ndagala na mukeke, katika mashamba ya michikichi, misikitini na kwenye forodha. Mtu wa Rumonge anayesimulia maisha yake huchanganya Kirundi na Kiswahili bila kujua wapi amevuka.

Aliyewapa watu wa huku taarabu ya kuchezea, hata hivyo, ni Tanga zaidi ya Unguja. Miaka ya 1960 klabu ya Black Star iliweka magitaa ya umeme na gitaa la besi katikati ya taarabu, ikapunguza ukubwa wa bendi, ikaongeza mwendo. Lucky Star ikafuata. Sauti ya Shakila Saidi, aliyeziimbia klabu hizo mbili, ilienea kwa redio na santuri. Wachunguzi wa muziki huu wanaitaja Black Star kuwa ndiyo iliyoifikisha taarabu kwa wasikilizaji wa mbali, na nchi wanazozitaja kwa majina ni Kenya na Burundi. Sisi tumo katika sentensi hiyo. Ukiniuliza kwa nini mtindo wa Tanga ndio ulioshika huku, nitakujibu kwa hesabu ya vyombo: kanuni huku hupati, na ukiipata hakuna wa kuirekebisha, lakini magitaa mawili, ngoma na sauti nzuri kila mji wa ziwani unazo. Klabu ndogo inaweza kuanza.

Huku Burundi Kiswahili cha nyimbo hakikuishia kwenye taarabu. Khadja Nin, mzaliwa wa Bujumbura, alikibeba hadi majukwaa ya Ulaya miaka ya 1990. Ninamtaja kwa heshima, kisha narudi kwa wasiojulikana majina, maana ndio mada yangu.

Na hapa inabidi tuutaje mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule machafuko yalianzia mwambao huu huu, Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata yaliikumba nchi nzima. Wapo humu ndani waliozika, na wapo ambao hawakupata hata nafasi ya kuzika. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Tanzania, wakapewa mapori ya kufyeka: Ulyankulu, Katumba, Mishamo. Nyumba zilizoachwa ziliachwa na vilivyomo. Familia inayokimbia usiku hubeba mtoto na sufuria. Haibebi daftari la nyimbo.

Lakini angalieni walichokifanya watu hao walipofika porini. Makazi yalikuwa na barabara zenye nambari, na katika barabara hizo wakaunda kwaya. Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu ilisikika Tanzania nzima kwa kaseti, na ilitoka katika makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Wakulima wa tumbaku na mahindi, wasio na mshahara wa kuimba, wanakutana jioni kufanya mazoezi, wana kiongozi, wana mfuko, wana sare. Tofauti kati yao na vijana wa Malindi wa mwaka 1905 ni dini na chombo. Chama ni kile kile. Wengi wa watoto wa makazi hayo walirudi kuanzia mwaka 2008, wengine wakaja kukaa katika mwambao huu, wakiwa na Kiswahili cha Tabora na Mpanda midomoni. Walipokelewa kwa taabu, kwa sababu ya mashamba, na nyote mnaijua habari hiyo kuliko mimi. Ninachotaka kisisahaulike ni kwamba walirudi pia na sanaa ya kuendesha kwaya, na kwaya ikikaa jirani na klabu ya taarabu ya harusini kila moja inaweza kuazima kutoka kwa mwenzake.

Kuendesha chama ni kazi, na vijana walioniuliza kabla ya mhadhara namna ya kukiendesha wanastahili jibu la vitendo. Klabu haifi kwa kukosa sauti nzuri. Hufa kwa mambo matatu au manne ninayoyaona kila mahali. Mwimbaji mmoja anapendwa kuliko wenzake, anaanza kujiona yeye ndiye klabu, na siku akiondoka anaondoka na nusu ya wapigaji. Fedha ya kutunzwa haina kanuni: haijulikani ni ya mwimbaji au ya mfuko, na ugomvi unaanzia hapo usiku huo huo wa harusi. Kipaza sauti na gitaa vinalala nyumbani kwa mtu, na mtu huyo akigombana na katibu mazoezi yanasimama. Na watunzi, ambao mara nyingi ni wanawake wanaoandika shairi nyumbani na kumpa mwimbaji, hawaandikwi majina popote. Baada ya miaka 20 wimbo unakuwa wa yule aliyeuimba. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Mtunzi asiyeandikwa ameibiwa, hata kama hakuna aliyekusudia kumwibia.

Dawa yake ni ya kawaida kabisa. Kanuni ya kugawa fedha ya kutunzwa iandikwe na isomwe mbele ya wanachama kabla ya onyesho la kwanza. Vyombo viwe na mahali pake na funguo ziwe kwa watu wawili. Kila wimbo uandikwe kwa beti zake zote, jina la mtunzi wa maneno, jina la mtunzi wa sauti, mwaka, na harusi au sherehe ulikoimbwa kwanza. Daftari lichapwe nakala, moja ibaki kwa katibu, nyingine ipelekwe shuleni au maktaba, mbali na nyumba ya mtu yeyote. Leo kila kijana hapa ana simu inayopiga picha. Ukurasa mmoja wa daftari ni sekunde chache.

Unguja imeshapata waandishi wa klabu zake, na Tanga pia. Mwambao wetu, kutoka Minago hadi Nyanza-Lac, haujapata. Wapo humu ukumbini wazee waliopiga vyombo katika harusi za Buyenzi, Rumonge na Kigoma, na akina mama wanaokumbuka nyimbo ambazo hazikurekodiwa mahali popote. Burundi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, na Kiswahili kinafundishwa shuleni kwetu; mwalimu wa Kiswahili wa Rumonge anao mtaala, na nje ya darasa lake anao wazee. Namwomba awatume wanafunzi wake, kila mmoja kwa mzee mmoja, wakaulize: chama chenu kiliitwaje, mlifanyia mazoezi wapi, nani alikuwa katibu, nani alitunga. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili na kwa Kirundi, yatiwe saini na tarehe. Nawaomba wazee nao, mtoto akija na kalamu, msimwambie arudi kesho.